Sekunde Arobaini na Moja

Mnisamehe, mimi si mjuzi wa muziki.
Nilikuwa mkata tiketi mlangoni, Tororo,
klabu ya wafanyakazi wa saruji,
na noti nilizozijua ni zile za benki.
Nilijua nani atalipa, nani ataniambia
"Nyadoi, andika, mwisho wa mwezi nitakuona."

Wimbo wenyewe mnaujua.
Harusi gani huku mashariki haijaupiga?
Mnajua jina la mwimbaji, mnajua suruali yake nyeupe,
kibwagizo watoto wanakiimba wakichota maji.
Mimi nawauliza habari ya katikati:
pale sauti inaponyamaza,
ngoma zinarudi nyuma hatua moja,
na gitaa linaingia kama mtu aliyekuja kudai deni lake
halafu akaona haya kudai.

Sekunde arobaini na moja.
Nimezipima kwa saa ya marehemu mume wangu.

Hapo ndipo mlipokwenda kununua bia.
Msikatae. Kaunta ilikuwa karibu na mlango, niliwaona,
mkipigana vikumbo, mkimpa mgongo.
Nami nilikuwa na sarafu mkononi, nimefika mia na kumi,
na kila Jumamosi nilianza tena moja.

Redioni nako, mtangazaji alipaona pana nafasi.
Akachomeka vifo: fulani wa Nagongera, mazishi kesho saa nane;
ng'ombe mwekundu, pembe moja, amepotea Mulanda,
atakayemwona...
Hata leo likianza kulia lile gitaa
namkumbuka yule ng'ombe.

Mpigaji ni Ofwono Zefania, mpakia mifuko, zamu ya usiku.
Saruji ilimla ncha za vidole
hadi dole gumba likakosa alama kwenye kitabu cha mshahara,
karani akamfokea: "Wewe ni mtu kweli?"
Uzi wake wa tatu ulikuwa waya wa breki ya baiskeli.
Ndiyo maana pale kati sauti inakwaruza.
Wenye kujua wakasema santuri ina kasoro.
Santuri haina kosa. Ni baiskeli.

Walikwenda Nairobi kurekodi, kwa treni, daraja la tatu.
Kwenye ile karatasi ya duara kuna jina la mwimbaji,
na chini, kwa herufi za kukodolea macho: *na wenzake*.
Wenzake!
Mtu mzima, watoto wanne, breki moja pungufu,
kasukumwa ndani ya neno hilo kama mfuko ndani ya behewa.

Juzi nimemkuta sokoni akichagua dagaa.
Nikamwambia, Zefania, ile solo.
Akaniuliza, "Ipi?"
Basi nikamwimbia kwa mdomo, ti-ri-ri, ti-ri,
mbele ya wauza nyanya, mimi bibi wa wajukuu saba.
Akacheka, akajishika kidevu.

"Aa, pale. Pale nilikuwa nimepotea.
Mwimbaji alisahau zamu yake, nikawa namtafutia mlango.
Nikajaribu huku, kumefungwa. Nikajaribu kule.
Na hiyo sauti ya juu unayoipenda, mama,
niliikosea. Nilikuwa nataka jirani yake."

Nikasimama na kikapu changu.
Miaka arobaini nimelipenda kosa,
nimeliamkia, nimelipikia,
nimelizika nalo mume.
Na gitaa je?
Aliliuza, mwaka wa ada ya kitinda mimba.
Waya akaurudisha kwenye baiskeli.
"Breki inashika vizuri," akasema, kwa fahari
ambayo sikuwahi kuisikia akiisemea solo.

Akafunga dagaa nyuma, akapanda,
akashuka mteremko wa kituo cha reli, mwamba ukimtazama.
Nikatega sikio pale konani, nimezuia pumzi.

Haikulia.
Inashika vizuri kweli.